Picha Niliyokuficha, Yaya

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Unasema Jumamosi unatoka Bungulu kuja Butembo, umeomba misa ya shukrani kwa kuwa umesimama tena, na unataka nitoe ushuhuda mbele ya watu. "Ni weye ulisikia dakitari anasema tuachie Mungu. Kuya ubaelezee."

Yaya, daktari hakusema hivyo.

Unakumbuka pikipiki ilivyotutupa. Wewe uliangukia mgongo, mimi nikainuka nikipangusa vumbi. Unakumbuka tulivyoifuata picha ya IRM, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya mgongo, hadi Uganda, umelala kwenye godoro ndani ya gari, ukinitania kwamba nimekonda kuliko mgonjwa. Tuliporudi, daktari aliniita peke yangu, akaweka kidole juu ya picha. "Kamba ya mugongo haikukatika. Damu ndani iko kidogo. Donc iko na chance ya kusimama. Lakini mazoezi kila siku, sana sana hii miezi ya kwanza."

Nilitoka nikakukuta unanitazama usoni. Nikasema tumwachie Mungu. Ukasema, "Basi kamata mashini yangu ya kushona. Ni ya kukanyaga, nitaikanyaga na nini?"

Nilikuwa nimeshaikalia, Yaya. Wiki zile za hospitali, wateja wa duka letu la Kimemi walianza kuniita fundi, mimi niliyekuwa nakushonea vifungo tu. Mazoezi ya kila siku yangenifungisha duka, na ukisimama ningerudi kwenye vifungo. Sababu ni hiyo tu, hakuna nyingine. Naona haya hata mbele ya karatasi hii.

Miezi minne ulilala kwangu. Mama mdogo alipokuja kukuchukua kwenda Bungulu, hakuijua picha wala daktari. Alikataa tu kukuacha umelala. Akawa anakunyanyua miguu kila asubuhi, nawe unalia akuache.

Sitatoa ushuhuda. Picha niliificha chini ya vitambaa; naituma pamoja na barua hii. Karatasi ya daktari imo ndani ya bahasha, padri atakusomea Kifaransa chake. Mashini nimeipaka mafuta, iko pale pako dirishani.

Unasema mguu wa kushoto umepata nguvu, wa kulia bado unaburuta, na huo nao unamwachia Mungu. Usimwachie, Yaya. Huo njoo uniulize mimi.

Mdogo wako,
yule wa vifungo