Netiboli Kwenye Uwanja wa Ulezi

Alhamisi, Julai. Upepo wa leo umenichapa masikio tangu asubuhi. Anayesema Ufipa hakuna baridi aje alale kwangu bila blanketi mbili. Lakini mimi nina joto, kwa sababu nina hasira.

Wiki ya tano sasa uwanja wetu wa netiboli umefungwa kwa kofuli. Madiwani wa chama kimoja wanataka apewe mwekezaji ajenge maduka. Wa chama kingine hawataki hata kusikia. Kikao kikiitwa, upande mmoja unasusa, akidi haitimii, wote wanarudi nyumbani kula. Mpaka wakubaliane, mtu asikanyage pale. Na sisi tuna mashindano Sumbawanga mjini Jumamosi ijayo.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wanne wameacha, mmoja wao baada ya mumewe kuambiwa kwamba timu yetu ni ya "wale". Wale gani? Mimi hata kadi ya chama sina! Tumebaki saba, na netiboli huchezwa na watu saba. Akiogopa mmoja tu, hakuna timu.

Ndipo nikaenda kwa Mama Sesilia, jirani yangu, mjane mwenye ulimi mkali. Nyuma ya nyumba yake kuna uwanja wa kupuria ulezi, ameusiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Alikubali kwa sharti moja: tupure kwanza, tucheze baadaye. Basi kila jioni tunapiga masuke kwa fimbo mpaka mabega yanawaka, tunafagia, tunasimika mlingoti wetu wenye pete ya nondo, tunacheza. Nakiri, mikono yetu haijawahi kuwa na nguvu hivi.

Leo mtendaji wa kata alitukuta. Akasema huo ni mkusanyiko usio na kibali, akatoa daftari, akataka majina.

Niliogopa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wangu unapitia kwa wakubwa wake. Kwa muda mfupi nilitamani mpira ule usingekuwa mikononi mwangu. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikaona wenzangu wananitazama mimi, si yeye. Nikataja jina langu, la baba na la babu, polepole, aandike vizuri. Anna akafuata. Hadija naye akasema, "Andika na mfungaji, tusije tukachanganywa." Wote sita wakataja, hakuna aliyeinamisha kichwa.

Mtendaji akafunga daftari. Mama Sesilia, aliyekuwa akipepeta ulezi pembeni, akaweka ungo chini.

"Hujamaliza, mwanangu. Mimi hujaniandika."

"Shikamoo, mama. Wewe si mchezaji."

"Marahaba. Nani kakwambia? Hawa wako saba tu, na timu haisafiri bila mtu wa akiba. Andika."

Akaandika. Kweli kabisa, akaandika!

Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na bado naogopa. Sijui Jumatatu nitaitwa ofisi gani. Wakiita nitakwenda, wakileta barua nitaisoma. Madiwani waendelee kususa wanavyotaka.

Jumamosi, basi la kwanza la Sumbawanga, tunapanda watu wanane.