Kaka, Nilikurudisha Mwihoko

Kaka yangu Muigai,

Mama ananiambia huko Ol Kalou asubuhi kuna baridi ya kukata masikio, na kwamba shangazi amekupa lile koti la marehemu mumewe. Nilifurahi kusikia. Sikupigii simu kwa sababu najua utasema uko poa, nami nitasema sawa, tutakata. Nimeamua kukuandikia, tena wazi, mbele ya yeyote atakayesoma. Yale uliyonisaidia kuyapata niliyatangaza redioni, Thika nzima ikasikia. Haifai niifiche bei uliyolipa kwa ajili yake.

Unakumbuka zile Jumamosi za nyama? Tulikaa nyuma ya viwanda, chumba kimoja, na Baba akija na nyama ilikuwa imefungwa kwa gazeti. Mama akishaiweka kwenye sufuria, wewe ulilichukua lile gazeti, ukalikausha kando ya jiko, ukanisomea. Mahali mafuta yalipofuta maandishi, ulibuni. Siku moja ulinisomea kwamba ng'ombe wa mheshimiwa ameingia bungeni akapigiwa saluti. Nilimwambia mwalimu, darasa zima likanicheka. Nilirudi nyumbani nikilia, nawe ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu uliniona machozi hayakauki, ukanishika kichwa: "Basi, Wambui. Wewe ukiwa mkubwa andika zile za kweli."

Nami nikawa mwandishi wa habari. Kuna watu wanasema walivutwa kwenye kazi hii na mwalimu fulani au mtangazaji fulani. Mimi nilivutwa na wewe na karatasi ya nyama.

Miaka yako ya pombe sitaisimulia. Unaijua kuliko mimi. Nitasema tu ulivyoacha, kwa sababu watu wengi hawakuona. Mama alipofanyiwa operesheni ulilala kwenye sakafu ya wodi, umejifunika leso yake. Aliporudi nyumbani hukunywa tena. Hukupiga magoti kanisani, hukutoa ushuhuda. Ulifungua kibanda chako cha kuchomelea hapa Ruiru, ukaanza kutengeneza mageti. Polepole Mama akarudia kuacha funguo mezani. Jirani mmoja akakuita "fundi" badala ya lile jina lingine. Jioni ile ulikula chapati ukiimba.

Ndipo mhariri wangu akanipa kazi ya kuandaa makala kuhusu pombe ya bei ya chini, Thika mpaka Ruiru. Nilizunguka nikachoka. Ofisi moja iliniambia pombe haramu ilishaisha. Ofisi ya pili ikaniambia imezidi kuliko zamani. Hospitalini waliniambia wao si wasemaji. Nikatumiwa video ya vijana wamelala mtaroni, kila mtu akiapa ni Juja. Nilipoifuatilia, hata mabango ya maduka nyuma yao hayakuwa ya nchi hii. Makasisi walikuwa na hasira, wazazi walikuwa na uchungu, na hakuna aliyekuwa na jambo kuhusu ile pombe yenyewe ningeweza kusimama nalo hewani nikasema: hili nimelihakikisha.

Nilikuja kibandani kwako nikiwa nimekasirika. Uliinua kile kioo cha kuchomelea, ukanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unauliza watu wasiokunywa," ukasema. "Chifu hanywi huko. Daktari hanywi huko."

"Sasa nimuulize nani?"

Ulirudi kwenye geti lako, ukachoma kidogo, ukaacha. "Kuna Mama Shiro, kule Mwihoko. Anauza, lakini si mtu mbaya. Kuna mzigo wa pombe aliletewa, wateja wake wakapofuka. Huyo anajua."

Nilimpigia Mama Shiro. Alisema hataki redio, hataki mgeni. Nilipomtajia jina lako akalegea. "Muigai akija na wewe, nitaongea. Bila yeye, usikuje."

Nilikuomba. Ulisema hapana. Nilikuomba tena kesho yake, nikakuambia kuna watu wengine watapofuka, kuna mama mwingine atalia. Yalikuwa maneno ya kweli, na niliyatumia kama nyundo. Ulinitazama, ukavua glavu. "Nitakufikisha kwa mlango. Ndani siingii."

Ilikuwa mchana, jua linawaka. Tulipita kati ya ploti mbili tukafika kwenye lile geti la mabati. Harufu ilitoka kabla ya mtu yeyote kutoka. Mama Shiro alipokuona alipiga makofi.

"Haiya, Muigai! Umenona!"

Uliinua mkono, ukacheka kidogo. Ukaegemea ukuta kwa nje.

"Yeye asipoingia mimi siongei," Mama Shiro akaniambia. "Nitajuaje wewe si askari?"

Nikageuka nikakutazama. Ningeweza kusema twende nyumbani. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na nauli, nilikuwa na mdomo. Nikasema, "Ni muda mfupi tu, kaka. Tafadhali."

Ukaingia.

Tulikaa kwenye benchi, wewe ukawa katikati yetu. Mama Shiro alieleza kila kitu: mtu aliyeleta ule mzigo, jinsi wateja wawili walivyoamka wakimuuliza mbona hajafungua dirisha, jinsi alivyoumwaga uliobaki chooni akiwa analia. Alinipa njia ya kuwafikia wale wawili, na baadaye wote wawili walinieleza vilevile, kila mmoja peke yake. Ilikuwa habari niliyoitafuta wiki zote zile. Na kila alipoongea nilikuona, Muigai. Mikono yako ulikuwa umeibana kati ya magoti. Ulikuwa unameza mate. Mzee mmoja alipitisha kikombe mbele yako, ukafuata kile kikombe kwa macho mpaka kikafika kwa mwenyewe. Nilikuona, nikamuuliza Mama Shiro swali lingine. Kisha lingine.

Tulipotoka uliniuliza, "Umepata?"

"Nimepata."

"Sawa." Ulipangusa uso na mkono wa shati. "Wewe tangulia. Mimi napitia kwa fundi mwenzangu hapa nyuma."

Nilijua huna fundi mwenzako pale. Nilikuwa na haraka ya kufika studioni. Nikasema asante, nikaenda zangu.

Usiku huo hukurudi, wala uliofuata. Unajua yaliyobaki, au unajua nusu yake: Mama alivyokuwa akitoka kila asubuhi kukutafuta na leso mabegani, kibanda kilivyofungwa na mwenye ploti, wateja walivyokuja kuulizia mageti yao. Mwishowe shangazi alikuja mwenyewe akakuchukua. Uliingia kwenye gari bila kunitazama, nami nikajifanya nafunga mkoba.

Makala yalitoka vizuri. Ninachukia kuandika sentensi hiyo, lakini ni kweli. Watu wa afya walifika, yule mleta mzigo akakamatwa, na Mama Shiro siku hizi anauza uji. Mhariri alinipongeza mbele ya wenzangu. Walipiga makofi, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka mtu akabisha mlango.

Juzi Mama alinipa salamu zako. Aliniambia ulisema hivi: "Mwambie Wambui si yeye. Alikuwa hajui. Mimi ndiye nilishika kikombe."

Nililia, Muigai. Lakini sikulia kwa sababu nimefarijika.

Kuna jambo hulijui. Kabla ya kukuomba twende Mwihoko, nilikuwa nimeenda Juja kumwona mshauri mmoja, mama anayesaidia watu walioacha pombe. Nilimuuliza familia ifanye nini. Alinijibu taratibu, kama anayemsomea mtoto: "Mtu aliyeacha, msimrudishe pale alipokunywea. Hata kwa kusalimia. Si kwamba hana nia. Ile harufu inamjua jina."

Nilimrekodi. Nilihakikisha kwa mshauri mwingine, akasema yaleyale. Kati ya yote niliyokusanya, hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyelipinga. Kisha nikaja kibandani kwako kukuomba.

Na nililitangaza. Makala yalipopigwa nilikuwa nyumbani na Mama, Ruiru, tumekaa kando ya redio. Wewe wakati huo hatukujua uko wapi. Sauti yangu ikatoka, safi, ikiwashauri watu wa Thika na Ruiru wasiwarudishe ndugu zao pale walipokunywea. Mama aliweka kikombe chini. Alinitazama. Nilingoja anitukane. Alisema tu, "Chai imepoa, wacha nipashe moto," akaenda jikoni, na hakurudi mpaka kipindi kikaisha.

Hakukuambia. Nafikiri alitaka ubaki na dada. Na mimi nimekaa na msamaha wako kama mtu aliyepewa mzigo wa mtu mwingine kimakosa, anausikia una joto, anaogopa kuurudisha.

Naurudisha. Ulinisamehe ukidhani sikujua. Nilijua, kaka. Nilijua kuliko mtu yeyote Ruiru, nilikuwa nimeuliza, nikajibiwa, nikahakikisha, na nilipoona mikono yako nilijua tena. Nilizitaka zile habari kuliko nilivyokutaka wewe nyumbani.

Shangazi anasema umeanza kumtengenezea zizi, na jioni unaketi nje na mbwa. Sitakuja mpaka useme nije. Ukikaa kimya, nitaelewa, na nitaendelea kumuuliza Mama kama umekula. Lakini ukiamua tena kunisamehe au kutonisamehe, sasa utaamua ukiwa na ukweli wote mkononi.

Jifunike vizuri huko.

Ni mimi, mdogo wako,
Wambui