Jirani Asiyetajwa Jina

Jumatatu, 9 Oktoba 1995

Nimekata majani ya ng'ombe, nimemenya ndizi, nimegombana na jogoo. Nikaenda na uji kwenye kiwanja cha Atupele. Nikakuta X. Nyekundu, kubwa, juu ya mawe ya msingi. Rangi bado mbichi. Watu wa ardhi wamekuja na gari, wamepaka, wameondoka. Hata hodi hawakupiga.

Atupele amekaa juu ya mchanga. Ni mke wa marehemu mwanangu Lusekelo. Mimi namwita mwanangu, anayebisha aje anibishie. Ameuza mitumba sokoni Tukuyu, jua lake, ukungu wake, mpaka akaweka msingi huu. Vyumba viwili vya kulala yeye na watoto, na chumba cha duka mbele, kinatazama barabara. Sasa wanasema hana kibali. Asipopeleka karatasi zote kabla kamati yao haijakaa, wanabomoa.

Nimeitemea mate ile X. Haikufutika.

Jumanne, 10 Oktoba

Karatasi zenyewe. Nimezikariri njia nzima kama wimbo, maana kusoma nimekujulia kwenye kisomo cha watu wazima na kichwa changu kinashika kuliko mkono. Ramani ya nyumba, nakala tatu. Barua ya mtendaji. Risiti ya kodi ya kiwanja. Ridhaa ya majirani wanaopakana.

Nyumba yangu mimi ilijengwa kwa togwa na ndugu. Basi.

Ramani ipo, kachora fundi wa Mpuguso. Barua ipo. Risiti ipo. Upande wa juu anapakana na Mama Zuhura wa duka la kanga. Ameweka saini amesimama, mtoto mgongoni. "Jengeni upesi," amesema, "nimechoka kuuza peke yangu hapa kama mchawi." Ndaga fijo, asante sana, Mama Zuhura.

Upande wa chini jirani ni mume wangu.

Nimecheka. Nilidhani hiyo ndiyo rahisi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Atupele ameenda ofisini peke yake. Afisa ni kijana, si wa huku. Amemuuliza: jirani wa upande wa chini anaitwa nani? Atupele kimya. Angesema nini? Kwetu mke hataji jina la baba wa mumewe. Hamtazami. Hakai naye chumba kimoja. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima, na Atupele ameishika kuliko wasichana wote ninaowajua.

Na mzee wangu anaitwa Barua. Alizaliwa siku baba yake alipoletewa barua ya misheni, wakampa hilo. Tangu aolewe, Atupele hajalitamka neno hilo hata kwa barua ya kawaida. Anasema karatasi ya salamu.

Afisa kauliza: barua ya mtendaji iko wapi? Atupele kaisukuma mezani, hasemi. Kauliza tena jirani ni nani. Atupele kaangalia sakafu. Kijana akaona huyu mwanamke anaficha kitu. Akaandika juu ya jalada: MGOGORO WA MPAKA.

Mgogoro! Heshima yote ile imeandikwa ugomvi.

Sasa anataka yeye na jirani wafike pamoja Jumatano, ana kwa ana, mbele yake, wamwambie hakuna mgogoro. Kamati inakaa kesho yake. Wasipofika, jalada haliingii.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimemwambia mzee. Amekataa. Karatasi atasaini, hata mia. Chumba kimoja na mkwe hapana.

Nikamwambia mchungaji alishasema miiko hii tuiache.

"Mchungaji hana mkwe."

Nimemnyima chai.

Nikaenda kwa Atupele. Naye ananiambia, "Mama, bora wabomoe." Nimemfokea. Nikamkumbatia. Nikamfokea tena. Watoto wake wanalala jikoni kwangu na mbuzi, halafu yeye bora wabomoe!

Jumapili, 15 Oktoba

Tumetoka kanisani, gari la kampeni limepita na kipaza sauti. Ati sasa ni soko huria, kila mwananchi ajenge, afanye biashara. Nimekipigia kelele kile kipaza sauti: na kibali je? Watu wamecheka. Mimi sikucheka.

Mlima Rungwe umevaa wingu tangu asubuhi. Matofali ya Atupele bado mabichi, yamepangwa nje yanangoja tanuri. Kuni hathubutu kununua bila kibali. Mvua ikiyakuta hivyo ni tope.

Hasira yangu leo ni kwa mzee. Lusekelo alipokufa, nani alimpikia mzee? Atupele. Anaweka bakuli mlangoni, anakimbia. Mzee anakula, analamba vidole, ananituma: mwambie chakula kizuri. Naenda. Atupele ananituma: mwambie asante. Narudi. Miaka yote mimi ndiye barabara yao. Barabara nayo inachoka kukanyagwa.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimekoroga ugali kwa hasira, umekuwa mgumu. Mzee ameula wote. Anajua.

Nimemwambia hivi: hutaingia chumba kimoja na mkwe wako, hutamwona. Lakini Jumatano utavaa koti la kanisani na utanifuata. Akauliza itakuwaje. Nikasema ukifika utaona. Kwa kweli mimi mwenyewe sikujua.

Jumatano, 18 Oktoba

Tumeenda. Mimi na Atupele mbele. Mzee nyuma kabisa, kila kona anakohoa ili mkwe asigeuke. Mpaka Tukuyu ni kohokoho. Abiria waliopanda bodi za magari wametuangalia kama sarakasi.

Afisa amesema, "Bibi, utaratibu ni wote wawili mbele yangu."

Nikamwambia basi sogea wewe, mwanangu. Wewe una upande wa kulia na wa kushoto. Nikamshika mkono nikamsimamisha mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Ndani Atupele, uso ameuelekeza ukutani. Nje barazani mzee, kofia ameishusha mpaka puani. Ukuta katikati. Mbele yake wote wawili. Karani mmoja alianza kucheka. Nilimtazama, akameza.

Afisa akauliza jina la jirani. Atupele kimya. Nikajibu mimi, kwa sauti.

"Barua."

"Barua ya mtendaji ninayo, Bibi. Nauliza jirani."

"Barua huyo hapo, amevaa kofia!"

Hapo ndipo nilipomweleza yote. Kijana akatazama jalada lake, akatazama mgongo wa Atupele. Masikio yakamwiva kwa aibu. Akamgeukia mzee: mna mgogoro?

Mzee akakohoa tena. Nikasema moyoni, huyu leo ataniaibisha, na nyumbani atalala na ng'ombe.

Kisha akaongea. Kwa nguvu, isikike ndani.

"Andika. Huyo ni mwanangu. Mpaka wetu ni ile safu ya migomba. Akitaka kuusogeza, ausogeze uje kwangu."

Atupele akajiziba mdomo kwa kanga. Tangu aolewe ni mara ya kwanza neno la mzee kumfikia bila kupita mdomoni mwangu.

Kijana akachukua rula, akakata ule mgogoro. Akapiga mhuri. Nikamwambia sasa omba radhi. Akasema, "Samahani, Bibi." Nikasema si mimi. Akaingia ndani, akamwomba Atupele.

Namtukana tangu Alhamisi. Nimempa ndizi mbivu nne, amekonda sana.

Ijumaa, 20 Oktoba

Kibali kimetoka. Atupele amekikunja ndani ya leso, leso ndani ya sidiria. Ameenda mwenyewe na kopo la chokaa akaifunika X.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mvua leo. Ilianza mchana, Atupele yuko sokoni, mimi niko mtoni. Tumekimbia kila mtu kwa njia yake, tumekutana kiwanjani tukihema.

Matofali yamefunikwa yote. Majani ya migomba, makavu chini, mabichi juu, mawe yamewekwa pembeni yasipeperuke. Hakuna hata tofali moja lililolowa.

Nyumbani nimemkuta mzee anaota moto. Shati linatoa mvuke. Nimempa chai, sukari nyingi.

Jioni Atupele ameleta bakuli mlangoni. Safari hii hakukimbia. Alisimama nje kidogo, akaniuliza nani amefunika matofali.

Nimesema: jirani.