Jiwe Yenye Ulibeba Kutoka Juu

Bukavu, Kadutu,
wakati ya mvua

Mudogo wangu Wabiwa, mutoto wa mama yangu,

Usitupe hii karatasi. Najua mwenye kukusomea akitaja jina yangu tu, utasema airudishe kwa mwenye kamiyo, ile gari ya mizigo yenye imeileta. Mimi pia nilirudisha habari zako zote, tena na matusi juu yake. Lakini keti kwanza. Sikia mpaka mwisho, kiisha unitukane, sitakukataza.

Uko muzima? Magoti inakubeba? Yangu inalia kila nikiinama, mpaka wajukuu wanacheka. Meno imebaki ngapi? Mimi niko na sita, na mbili kati yake haikutanaki. Na ile kikohozi yako ya kila mwaka, yenye mama alikuwa anakutibu na asali, ilikuachaka? Sisi huku tunaishi. Kitoga, mwenye nilitoka naye huko angali mugongoni, sasa ni mwanaume wa kipara. Anafanya kazi ya ofisi na anavaa abakosi, ile koti ya wakubwa, hata siku ya joto kali. Bibi yake ni Mushi, kabila ya huku, mwanamuke wa kazi, ananisongea bugali mugumu vile napenda. Hapa wananiita Mama Kitoga. Naitika.

Mwenye anaandika hii barua ni Nsimire, binti ya Kitoga. Mimi nasema, yeye anaandika, juu mimi kalamu inanishinda. Anasoma masomo ya milima na mito, ili akuwe mwalimu. Nimemwambia aandike maneno yangu vile inatoka, asitie ya darasa. Anasema, "Koko, unasema mbio." Nimemujibu: nimenyamaza miaka mingi, acha nikimbie kidogo.

Mwezi yenye imepita, sitoyen mwalimu wao, vile tunaambiwa tuite watu sasa, aliwapakia ndani ya kamiyo waende kuangalia mawe. Watu wazima, Wabiwa! Wamekula, wameshiba, wanaenda kuangalia mawe. Walipita Mwenga, wakapanda mpaka kwetu. Nsimire hakujua ni kwetu, sijamwambiaka hata jina ya kijiji. Alirudi muchana, viatu imejaa matope, akanikuta kwa barza nachambua sombe, majani ya muhogo. Akatoa jiwe moja ndani ya mufuko, akaniwekea juu ya mapaja.

"Koko, zawadi yako. Angalia vile iko muzuri."

Nikaangalia. Ilikuwa jiwe ya muchanga, muchanga yenye imeshikana ikakauka. Na juu yake ile mistari. Unaijua. Ile mistari midogo inafuatana, sawa mbavu za mutoto akiinua mikono ili umuvue nguo.

Sombe ilimwangika yote. Nikamukamata Nsimire kwa shingo ya nguo.

"Umeitoa wapi? Umemuchimbua?"

"Kumuchimbua nani, Koko?"

"Usinichezee! Fasi uliitoa kulikuwa nguo? Kulikuwa nguo nyekundu?"

Mama yake akatoka jikoni mbio, mwiko mukononi. "Mama, umwachilie! Utaniulia mutoto juu ya jiwe?" Na Nsimire sijui alikuwa analia ao anacheka: "Koko, niliiokota tu! Mulima yote iko hivi! Juu kabisa, fasi hata mbuzi inachoka, mawe yote iko na hii alama!"

Mikono yangu ilifunguka yenyewe.

"Sema tena. Juu kabisa?"

"Juu kabisa, Koko."

Njo siku ile niliwaambia habari ya Lutala. Wewe unaijua kunipita, lakini acha niiseme mbele yako, juu nilizoea kuisema vibaya.

Mutoto wangu wa kwanza alikuwa ameng'oka meno mbili za mbele. Ulishuka naye kwa mto kutoa muhogo yenye tuliloweka. Kwetu hakukuwa mvua. Mvua ilikuwa mbali, kule juu, na maji ikakuja ya rangi ya udongo, bila kubisha hodi. Ulimushika mukono. Mukono ikateleza. Tulimutafuta siku ine, hatukumuona, na mto ikashuka ikatulia sawa haijafanya kitu. Wazee wakasema kaburi haiwezi kulala bule, bila kitu ndani. Mwenye alimushika wa mwisho abebe jiwe, tuivalishe nguo yake, tuizike pahali pake. Ukaenda. Ulipotea muchana muzima, ukarudi na jiwe kwa kichwa, miguu inatoka damu. Mimi njo nilikuwa naivalisha ile shati nyekundu. Nikaona mbavu ya maji juu yake, ile yenye maji inaachaka kwa muchanga.

Nikasimama mbele ya watu wote nikakuuliza umeitoa wapi.

Ukasema, "Yaya, mukubwa wangu, juu kabisa. Fasi maji haijafikaka hata siku moja."

Na mimi nikasema wewe ni muongo. Nikasema umechoka kupanda, umeiokota kwa mto. Nikasema umemulaza mutoto wangu na mwenye alimuua. Watu walisikia. Mama alisikia. Ulinyamaza, na mimi nikahesabu kunyamaza kwako kuwa kosa yako. Nikafunga muzigo. Hata mama alipokufa sikukuja, juu nilijua utakuwa pale.

Nsimire ameacha kuandika, anapanguza macho. Andika, wewe.

Nilimuuliza: maji ilifika namna gani juu ya mulima? Akaniambia wakati ya zamani sana kulikuwa milima ingine, mikubwa, na imekwisha yote. Mvua iliikula. Mito ikabeba unga yake, ikaipeleka kwa maji kubwa yenye mutu hakuona ngambo yake. Pale mto inachoka, inagawanyika vidole, inaangusha muzigo yake. Muchanga juu ya muchanga, matope juu ya matope. Maji kubwa inapanda, inafunika, inarudi nyuma, mto inafuata tena. Kiisha ile muzigo ikakandamizwa na uzito yake yenyewe mpaka ikakuwa jiwe, na kiisha dunia ikaikunja na kuisukuma juu. Njo mulima yetu hiyo. Mashamba ya mama, njia ya kisima, fasi tulikuwa tunacheza, yote ni chini ya maji yenye imeondoka.

Nikamwambia, "Wewe, hiyo ni ya kudanganya wazee."

Mvua ilikuwa imetoka kuacha. Akanishika mukono, akanipeleka kwa mufereji wa barabara. Unajua Kadutu ni muteremuko tu, mvua inashuka na udongo yote ya watu. Chini, pale barabara inalala, kuna kiziwa kimoja cha maji. Mufereji ilikuwa inaingia ndani yake, na nikaona: udongo imefungua vidole vitano, sita, mukono ya mutu kabisa. "Huo njo mto, Koko. Hivyo njo vidole." Tukarudi kesho yake, jua imekunywa kiziwa. Kwa muchanga ilibaki mbavu. Ndogo, ndogo sana, lakini ni zile. Mwanamuke mwenye anauza ndizi pale akatuuliza, "Mama Kitoga, umepoteza feza, makuta?" Nikamwambia nimeokota kitu.

Sitakudanganya niseme moyo umetulia. Ile jiwe iko hapa, sikuweza kuitupa. Nikiilowesha inatoa harufu ya mto wetu asubuhi. Upande mwingine iko na vishimo vidogo vya duara, imetawanyika. Nsimire anasema ni matone ya mvua. Mvua ya siku moja, Wabiwa, ilianguka kwa matope, matope ikakauka, na mpaka leo vishimo viko pale. Wakati ile hakukuwa mutu wa kusema mvua inakuja. Hakukuwa nyasi. Nilitafuta nyayo. Usicheke. Nilipitisha kidole kila pahali, natafuta muguu ya mutoto. Nsimire akaniambia polepole, "Koko, wakati ile hakukuwa kitu chenye kiko na muguu." Nilijua. Nilitafuta hivyo hivyo.

Tena miaka yote nilikaa huu muji wenye ziwa iko kila upande, na sikutiaka muguu ndani. Nilimwambia Kitoga ajenge mulango wangu uangalie mulima. Nilisema mto ilikula mutoto, mimi nitaishi kwa nchi kavu. Kumbe nilizaliwa ndani ya maji, na mama yangu amelala ndani yake, na hakuna jiwe yoyote ungechagua kule kwetu yenye maji haikuwekea mukono. Hata ungepanda siku tatu. Sijui kama hiyo inanifariji ao inaniogopesha. Nikisikia mufereji sasa, nasikia inatafuta fasi ya kushusha muzigo. Na sijui wapi Lutala alishushwa. Labda na yeye yuko kwa vidole fulani, mbali huko, na siku moja yenye hatutaona watasema ni mulima.

Lakini kitu kimoja najua. Ulipanda. Ulipanda na miguu inatoka damu, ukatafutia mutoto wangu fasi ya juu yenye ulifikiri maji haitamufikia, na mimi nikakuita muongo mbele ya mama yetu. Jiwe ilikuwa ya juu. Ulisema kweli, mudogo wangu. Ulisema kweli mara moja na sikukuacha useme mara ya pili.

Nakuomba rehema. Sijui maneno ingine ya kuzungusha.

Jua ikianza na barabara ikikauka, nitapanda kamiyo nikuje. Kitoga anasema nitavunjika mugongo. Nimemwambia mugongo ni yangu. Nataka tupande pamoja kwa kaburi, wewe na mimi, umwambie Lutala nimefika, juu wewe njo ulikuwa unamusemesha miaka yote, najua, hata bila kuambiwa. Lakini kama nikikufa mbele jua ianze, watanizika huku kwa udongo ya wengine. Hapo nakuomba kazi moja tu. Panda. Leta jiwe, uivalishe kitambaa chenye natuma ndani ya hii barua, cha nguo yangu ya kila siku, uizike kando ya mutoto. Miguu ikikataa, usifike juu, okota hata kwa mulango wako. Yoyote. Safari hii sitakuuliza umeitoa wapi.

Kama hautaki kuniona, mupatie mwenye kamiyo kitambaa changu akirudishe. Nitaelewa, na sitakutukana. Kama unataka, kaa nacho.

Nisalimie bwana yako, shemeji yangu Musombwa, mwenye alinibebea muzigo mpaka kwa barabara siku ile bila kunihukumu. Nisalimie binti yako wa kwanza, mwenye alikuwa anagombania na Lutala fasi ya kulala, mwambie nakumbuka sauti yake. Nisalimie shangazi yetu muzee, kama bado anaona, na kama haoni mumushikishe hii karatasi. Na huyo katekista mwenye anakusomea, asante yake, asifupishe. Bibi ya Kitoga anakutumia chumvi na sabuni, anasema hakujui lakini amekulilia.

Nsimire anauliza aandike jina gani hapa chini. Anasema, "Niandike Mama Kitoga?"

Hapana. Iko jina ingine, yenye nilikataza mutu asiitaje miaka hii yote. Wewe njo ulikuwa wa kwanza kuniita nayo, siku nilizaa, kabla hata mama hajaingia ndani ya nyumba.

Nimebaki yaya yako,

Mama Lutala