Tembre za Papa Juu ya Kioo

Muheto, siku ya ine, jioni

Tena Neema! Mudogo wangu amefika jana tu toka Goma, na leo jamaa yote inamusifu yeye.

Aliweka kioo juu ya vitabu viwili, akalaza tochi chini yake, akafunika kioo na karatasi nyeupe. Pale juu akapanga tembre za marehemu Papa, zile stempu za barua alizokusanya, moja moja, akazipiga picha na telefone. Mwangaza ulizipita toka chini, na alama zilizofichama ndani ya karatasi yao zikaonekana. Ilikuwa muzuri, siwezi kukataa.

Lakini tulipokimbia vita, mimi njo nilifunga tembre zile mu kitenge, nikatembea nazo mupaka Ntoto. Neema alikuwa mbali, mu masomo.

Akatuma picha kwa Mama, kule Nyamitaba. Mama akapiga simu palepale.

"Neema, uko na akili sana!"

"Mama, dada njo alizichunga miaka hii yote," Neema akajibu. Nikasogea karibu na telefone.

"Ah, aksanti yake," Mama akasema. "Sasa ile mwangaza, uliitengeneza namna gani?"

Ninamupenda mudogo wangu. Leo tu nimeshindwa kumufurahia.