Kumbe Si Jipu

Shoga, ule uvimbe wa mguuni si jipu. Ni kuvu. Kuvu, kama ya mkate uliosahaulika kabatini.

Daktari anasema niliupata kwa mwiba nikipogoa maua. Dawa za kulinda figo nililopandikizwa zimelegeza kinga, basi kuvu ya udongoni ikaja kupanga chumba. Ni nadra mno, akaita wenzake watatu waje kuupiga picha.

Dada aliyenipa figo naye: "Nimekupa figo langu, wewe unaoteshea uyoga?"

Daktari mwenyewe alicheka.

Kesho wanaukata huo uvimbe, kisha vidonge vya kuvu miezi sita, na vinaweza kugombana na dawa za figo.

Nilikuwa nacheka mpaka tulipofika koridoni. Dada akasema polepole, "Likiharibika, sina jingine la kukupa." Akainama, akanifunga kamba za kiatu.