Banda ya Kura

Kisugu, Kampala

Kaka yangu Wekesa,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Mguu wa mama umepoa? Mahindi yamefika kiunoni? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka, na ukiona mwandiko umekwenda upogo ujue ni hasira. Barua hii inakuja kwa mkono wa dereva wa lori, si kwa posta. Ukishaisoma, ichome.

Unamkumbuka Musoke, yule fundi Mganda aliyenipa pa kulala nilipofika huku? Kapteni mmoja wa Old Kampala, anayekaa nyumba aliyofukuzwa Mhindi, alituita tumjengee kibanda cha kupumzikia uani. Akasema, "Mimi nataka banda ya kura. Ya watu kumi na mbili." Sote tulimwelewa. Anataka mahali pa kula nyama na wenzake. Hapa kula ni kura, wala hakuna anayeshtuka.

Siku mbili tulipanga: pembe sita, nguzo za mvule, paa la nyasi, benchi kuzunguka ndani. Nikachora, Musoke akaandika juu ya mchoro kwa mwandiko wake mzuri: BANDA YA KURA, WATU 12. Tukasimamisha nguzo, viungo vyote vya mbao akakata yeye. Kisha akaenda Ntinda na msukuma mkokoteni kutafuta mbao za paa, mchoro mfukoni.

Kwenye kizuizi askari wakampekua. Tangu jeshi litwae nchi hakuna kura, na kuitaja ni hatari; mmoja aliyejua kusoma akauliza, kura gani? Nani amewaambia kuna kura? Msukuma mkokoteni anasema Musoke aliapa mpaka sauti ikamkauka kwamba ni ya kula, lakini kila akifungua kinywa linatoka lilelile: kura. Wakamtia kwenye buti ya gari.

Nilikimbia kwa kapteni. Nikamwambia, afande, neno ni lako, nenda uwaambie tu ni ya kula. Alikuwa anachokonoa meno.

"Mimi sijui hiyo karatasi," akasema. "Wewe Mukenya, maliza banda yangu."

Mwoga mkubwa! Nyota zote zile begani, na anaogopa herufi moja. Nawe ulikuwa ukinichapa darasani kwa ajili ya l na r, nikakuona katili. Kumbe!

Hii ni wiki ya tatu tangu wamchukue. Mke wa Musoke, Mama Nakato, kila asubuhi ananiuliza kama afande amesema lolote. Banda nimelimaliza, maana nami nina shingo moja. Jana walikula nyama humo. Kapteni akapapasa nguzo, akauliza nani aliunga mbao vizuri hivi. Nikamjibu, Musoke. Akaendelea kutafuna.

Msalimie mama, lakini haya usimwambie. Msalimie shemeji, na mjomba aliyenipa randa yangu ya kwanza. Mwambie bado inakata. Msininunie nisipokuja mavuno. Sitoki hapa kabla sijajua Musoke yuko wapi.

Jambo moja nimelifanya. Juu ya boriti, chini ya nyasi, nimelichonga neno lile kwa patasi kama alivyoliandika mwenzangu, kwa r. Kapteni anakula chini yake kila siku.

Ni mimi mdogo wako,
Barasa